Watu Saba, Kufuli Moja

Nyamwamba, Kasese
12 Machi 2015

Mjomba Araali mpendwa,

Shikamoo. Nimekuita kwa empaako yako, jina la heshima, ili ujue mapema kwamba barua hii imekuja na majivuno. Hapa sote wazima. Mama anakusalimu na anauliza kama ni kweli kaka yake ameanza kujipikia, au ni maneno ya Ramula tu. Ukuta wa jikoni uliochukuliwa na mafuriko ya mwaka juzi tumeusimamisha tena. Umeinama kidogo, na Mama anasema umeinama kwa adabu. Goti lake linamsumbua asubuhi, lakini akisikia kuna harusi linapona.

Ningekupigia simu, ila najua simu kwako ni mvumo mtupu tangu masikio yako yalipobaki kiwandani. Basi Ramula ndiye simu yetu. Jumanne na Ijumaa anatoka hapa kuja kuuza nguo zake huko kwenu, sokoni Mpondwe, na jioni anarudi, kwa hiyo huna kisingizio cha kutojibu.

Sasa kubwa. Jumanne niliitwa usaili Korongo Saruji, kiwanda kile kile ulichokitumikia wewe miaka ishirini na mmoja. Kazi ni ya mhandisi wa matengenezo. Tuliitwa kumi na wanne, mwanamke mimi peke yangu, na mlinzi wa getini akanionyesha mlango wa wapishi. Nikamshukuru, nikapita mlango mwingine.

Mezani walikuwa watatu: meneja wa kiwanda, bwana mmoja wa ofisi kuu ya Nairobi, na Bi Akidi, mkuu wa usalama kazini, Mwacholi mrefu asiyecheka ovyo. Bwana wa Nairobi aliniuliza habari za beringi inayopata moto, nikamjibu mpaka akaacha kuandika akawa ananisikiliza. Meneja akataka kujua kwa nini nisibaki Kampala nilikosomea. Nikamwambia Kampala hakuna kinu cha kusaga saruji. Wakacheka.

Kisha Bi Akidi akasema: "Sheria ya kufuli unaijua. Kila anayeingia ndani ya kinu anafunga swichi kuu kwa kufuli lake mwenyewe, anaingia na ufunguo mfukoni, na kinu hakiwaki mpaka kufuli la mwisho litoke. Sasa fundi mkuu, mzee wa rika la baba yako, anakwambia kufuli lake linatosha kwa wote. Utafanya nini?"

Mjomba, nilihisi mtihani nimeuona jana! Nikawasimulia habari yako ya mwaka tisini na nane, ulipokuwa fundi mkuu: mlivyobadilisha bamba za chuma za ndani ya kinu namba mbili siku nne mfululizo, watu saba ndani, nje kufuli moja tu, lako, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Nikasema sheria ni nzuri, lakini mtu anayeaminiwa na watu saba ni kufuli imara kuliko chuma. Nilijipenda niliposema hivyo. Bi Akidi akaniangalia, akauliza, "Na baadaye ilikuwaje?" Nikamjibu, baadaye wakanywa chai. Akaandika kitu kirefu.

Majibu watatoa mwisho wa mwezi. Niombee. Kazi hii naitaka mpaka naiota.

Mpwa wako mwenye kiburi chako,
Kemigisha


Bwera
24 Aprili 2015

Kwa mpwa wangu Kemigisha,

Marahaba, na salamu nyingi kutoka Bwera, ambako mvua imeamua kunyesha kila nikianika kahawa. Nikiitoa, mawingu. Nikiiingiza, jua. Nadhani kuna mtu kule milimani anayenichungulia. Mwambie mama yako kweli najipikia, na muhogo wangu bado haujaua mtu. Hapa mpakani malori yamepanga mstari tangu Jumatatu, na Ramula anagombana na Wakongo kwa lugha tatu, zote kwa makosa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kahawa. Na miwani. Na kahawa tena.

Nimefurahi kwamba habari ya beringi uliijibu vizuri. Beringi haijali wewe ni mwanamke au mwanamume, inajali grisi tu. Ukipata kazi, vaa viatu vizito hata siku usiyotoka ofisini, na usikae karibu na kinu bila kuziba masikio. Sisi tulikuwa tunaona aibu kuziba.

Ila nakuomba jambo moja. Usiwasimulie watu wa ofisini habari za wazee. Wewe umesoma. Wakikuuliza, wape ya vitabuni, ndiyo yaliyokupeleka shule. Huyo Bi Akidi simjui. Sijui aliandika nini, na si lazima uniambie.

Masikio yanavuma sana leo. Naishia hapa. Msalimu dada yangu Mabel.

Mjomba wako,
Yeseri


Nyamwamba, Kasese
18 Juni 2015

Mjomba Araali,

Shikamoo. Safari hii aliyechelewa ni mimi, na sina hata kahawa ya kusingizia. Mama hajambo. Kuku wake wawili wameibwa na anamjua mwizi, ila ni mzee wa kanisa, kwa hiyo anamwombea kwa sauti kubwa kila Jumapili wakiwa benchi moja.

Majibu ya usaili ni haya: kazi hawakunipa, wala hawakuninyima. Wamenipa mkataba wa miezi sita wa mhandisi wa majaribio, kisha Septemba nakaa tena mbele ya meza ile ile. Nikipita, nimeajiriwa kabisa. Nikishindwa, narudi nyumbani na viatu vyangu vizito. Na siku hiyo mezani kutakuwa na ripoti ya fundi mkuu kuhusu mimi. Fundi mkuu ni nani? Mzee Tibenderana, ambaye ulifanya naye kazi! Kila mara anasema wewe ndiye uliyemfundisha kushika nyundo.

Mwezi wa kwanza mafundi waliniita "degree". Wakiongea nami walipunguza mwendo, kama wanaongea na mgeni wa Serikali. Nilisaga meno nikajifunza majina ya watoto wao. Jumatatu hii tumefungua kinu namba mbili kubadilisha bamba za ndani, na tutakifunga Jumatano ijayo. Nikasema sasa ndiyo siku yangu. Nikavaa ovaroli, nikaenda kwenye swichi kuu na kufuli langu jekundu lenye jina langu.

Mzee Tibenderana alikuwa amesimama pale, kufuli lake limeshaning'inia, peke yake. Nikamuuliza, "Muzee, na mimi niweke yangu?"

"Yako ya nini?" akasema. "Yangu iko pale. Ama unaniogopa?"

Mafundi wote walikuwa wananitazama. Nikakumbuka kiburi changu cha mwezi wa tatu, nikakumbuka wewe, nikalirudisha kufuli mfukoni. Tibenderana akacheka mpaka akakohoa. "Huyu iko mutoto ya Yeseri kabisa!" Mjomba, nimeingia ndani ya kinu siku nne sasa, na leo kwa mara ya kwanza wamenimiminia chai bila kuniuliza kama natumia sukari. Nimekuwa mtu wao. Septemba naiona kwa macho.

Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Kemigisha wako


Bwera
Ijumaa, 19 Juni 2015, saa nane mchana

Kemigisha,

Leo sisalimii. Ramula hajamaliza kufungua mzigo wake sokoni na nimemwambia asipande gari la kurudi bila barua hii. "Muzee, wateja beko hapa!" ananipigia kelele, namsoma midomo. Nimemwambia wateja watakuwepo na Jumanne.

Kesho ukifika kazini, weka kufuli lako. Usiombe ruhusa. Usicheke, usieleze. Weka, funga, tia ufunguo mfukoni, ndipo uingie. Ukikomea hapa kusoma, itanitosha.

Lakini nakujua hutakomea hapa.

Ile habari ya watu saba nimeisimulia tangu ukiwa shule ya msingi, na kila mara niliikata mahali pamoja. Nilianza kuisimulia siku ya pili ya ile kazi, kabla haijaisha, na watu wakaipenda. Ilipoisha vibaya, niliendelea kuisimulia vile ilivyokuwa siku ya pili. Sijui kama utanielewa. Mimi mwenyewe imenichukua miaka kumi na saba.

Mmoja wa wale saba aliitwa Nobert. Alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi safi, mikono isiyotetemeka. Siku ya nne asubuhi alikuja kwenye swichi na kufuli lake mkononi. Akaniambia kwa adabu, "Muzee, leo nitaweka na yangu." Nikamjibu mbele ya wenzake, "Kwani mimi iko mwizi? Unanifungia mimi?" Wakacheka. Akalirudisha mfukoni, kama ulivyolirudisha wewe lako.

Mchana kazi ikaisha. Walipotoka ndani, kila mmoja alitundika kofia yake ya chuma kwenye msumari karibu na mlango wa kinu. Nilihesabu kofia. Saba. Sikuhesabu watu. Nobert alitundika kofia yake, kisha akarudi ndani kichwa wazi, na mimi sikumwona. Nikatoa kufuli. Nikapunga mkono kinu kizungushwe polepole, kujaribu.

Kilizunguka nusu mzunguko tu. Ulikuwa mguu wa kulia, chini ya goti. Walipomtoa, kufuli lake lilikuwa bado mfukoni.

Mjini mlisikia kuna fundi aliumia kwa uzembe wake. Uzembe huo niliuandika mimi. Ripoti ilisema Nobert alirudi ndani bila ruhusa na bila sababu. Ina sahihi mbili, yangu na ya Tibenderana, aliyekuwa mmoja wa wale saba na alilisikia neno nililomwambia Nobert asubuhi. Bila ruhusa, ni kweli. Bila sababu, sijui. Sikumuuliza. Kwa ripoti hiyo Nobert alitoka hospitali hana mguu na hana kazi. Nasikia anaishi Katunguru. Mimi nilivumilia miaka miwili, nikakimbilia Bwera, nikasingizia masikio.

Ulipowaambia kwamba baadaye tulikunywa chai, niliisoma barua yako nikaikunja, nikaitia chini ya godoro kama mwizi. Nilikuacha ukaingia ndani ya kinu na uongo wangu kichwani. Siku nne! Mungu ndiye aliyekutunza, si mimi.

Ramula amesimama mlangoni. Weka kufuli.

Yeseri


Nyamwamba, Kasese
5 Julai 2015

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, mimi sijambo, na nimekaa wiki mbili nikitafuta jinsi ya kuianza barua hii.

Ramula alinikuta getini ile Ijumaa jioni, akaninyooshea barua bila hata kusalimu. Jumamosi asubuhi nikaweka kufuli langu kando ya lile la Tibenderana. Akasema, "Toa." Nikasema, "Siwezi, Muzee, naingia." Akasema tena, "Toa, usiniaibishe mbele ya watu." Nikatia ufunguo mfukoni. Nikaingia. Tangu siku hiyo naitwa "polisi". Birika la chai likifika kwangu linaruka.

Nilitaka kukuchukia, na siku tatu nne nilifaulu. Nilimwonyesha Mama barua yako. Alisoma polepole, akavua miwani, akasema, "Kaka yangu hakuacha kazi kwa masikio. Masikio yalikufa baadaye." Kumbe alijua kuna kitu, miaka yote. Nikamuuliza kwa nini hakukuuliza. Akasema mtu akifunga mlango, ndugu yake haingii kwa dirisha. Mimi nilimwambia ningevunja dirisha. Tukanuniana mpaka chakula cha jioni.

Sasa nisaidie, maana umeniingiza shimoni na ngazi sina. Septemba Bi Akidi ataniuliza tena. Nikisema ukweli, namtaja Tibenderana ndani yake, na ripoti yake kuhusu mimi ndiyo itakayokuwa mezani. Nani atamsifia mtu aliyemchongea? Nikinyamaza, napata kazi kwa chai ile ile ya uongo, na kila siku nitapita mbele ya kinu namba mbili. Nimesoma miaka minne, nimefanya mitihani mingi kuliko nywele zangu, na hili hawakulifundisha.

Unataka nifanye nini?

Kemigisha


Bwera
28 Julai 2015

Mpwa wangu Abwoli,

Marahaba. Na mimi nimekuita kwa jina lako la heshima, kwa sababu kwa sasa aliye mkubwa kati yetu wawili si mimi.

Kahawa imekauka hatimaye. Mwambie Mabel nimesoma maneno yake mara nyingi, na kwamba mlango haujafungwa, ulikuwa umekwama tu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeamua kujiumbua mwenyewe kabla ya kifo, nipate walau kuchagua maneno. Ndani ya bahasha hii mna barua mbili, sikuzifunga, zisome. Ya kwanza ni ya Bi Akidi. Nimeandika yote tangu neno la asubuhi mpaka nilivyohesabu kofia, nikatia sahihi na dole gumba pia, maana sahihi yangu watu wana haki ya kuitilia shaka. Nimeandika jina langu tu.

Ya pili ni ya Tibenderana, na ni fupi. Nimemwambia: "Nimesema yangu. Jina lako sikuliandika. Kama unataka kuliandika, kalamu unayo. Ila mtoto wangu usimtie kwenye deni letu." Mpe mkononi, mkiwa peke yenu, na usisimame hapo akisoma.

Usinitetee kwenye usaili. Usiseme alikuwa amechoka, usiseme zamani mambo yalikuwa hivyo. Zamani sheria ilikuwa hiyo hiyo na makufuli yalikuwepo, kila mtu na lake. Tulichokosa si makufuli. Nilitaka kuheshimiwa, na vijana wakaona kuniheshimu ni kunikabidhi miili yao. Nami nikapokea kama zawadi.

Wakikunyima kazi kwa sababu yangu, njoo Bwera unitukane uso kwa uso. Nitasikia.

Yeseri


Nyamwamba, Kasese
20 Septemba 2015

Mjomba Araali!

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu ni ya Mama, ambaye anapika huku anaimba na ameunguza wali. Keti kwanza.

Ya Bi Akidi niliiacha ofisini kwake. Ya Tibenderana nilimpa nyuma ya karakana nikaondoka kama ulivyosema. Siku kumi na moja hakunena nami neno, la kheri wala la shari. Nilianza kufungasha vitu vyangu moyoni.

Siku ya kumi na mbili kinu namba moja kilisimamishwa, kazi ya siku moja tu. Tukafika kwenye swichi kuu, tukamkuta mzee amekaa kwenye ndoo, mbele yake sanduku la makufuli. Akaita majina mmoja mmoja. "Kila mutu na yake. Mimi ndiye nitatoa ya mwisho." Fundi mmoja akatania, "Muzee, leo hutuamini?" Tibenderana hakucheka. Akasema, "Mimi ndiye sijiamini. Weka."

Jioni nilimwona anaingia ofisi ya Bi Akidi, kofia mkononi. Alikaa huko mpaka watu wa zamu ya pili wakafika. Kesho yake birika lilipofika kwangu, alilishika mwenyewe, akanimiminia, akasema, "Mwambie Yeseri kalamu niliipata." Basi. Sikuuliza zaidi.

Usaili ulikuwa Jumanne. Bwana wa Nairobi alinipa mchoro wa giaboksi akaniambia nitafute kosa. Nilipata mawili, moja hakulijua. Meneja akasoma ripoti ya fundi mkuu kwa sauti. Ilikuwa na sentensi tatu, ya mwisho inasema: "Huyu anaweza kuniambia hapana, kwa hiyo nitaingia ndani ya kinu chini yake." Nilishindwa kujizuia, nikatoa leso.

Bi Akidi akaniacha nimalize. Kisha akauliza swali lile lile la fundi mzee, na nikamjibu: naweka langu, halafu namwamkia. "Na baadaye ilikuwaje, ile ya mwaka tisini na nane?" Nikamwambia yote. Sikukutetea, Mjomba. Ilikuwa ngumu kuliko giaboksi.

Ndipo akafungua faili lililokuwa chini ya mkono wake. La Nobert. Akasema hata mwezi wa tatu lilikuwepo mezani, kwa sababu amekuwa akipitia ajali zote za zamani. Niliposema mlikunywa chai, alidhani naficha kitu kusudi. "Sikukunyima kazi kwa jibu lako," akasema, "nilitaka nione utaishi vipi na jibu lenyewe."

Nimepata! Kuanzia tarehe moja Oktoba, mhandisi wa matengenezo, kazi ya kudumu. Barua ninayo, Mama ameitia ndani ya Biblia.

Na kuna la pili. Ripoti ya zamani inafutwa, wanataka kuandika mpya, na wanahitaji maneno ya Nobert mwenyewe kwa mkono wake. Kwenye faili anwani ni neno moja tu, Katunguru. Bi Akidi anaweza kutuma dereva, au naweza kwenda mimi. Nimemwambia asubiri kwanza nikuandikie wewe.

Mhandisi wako,
Kemigisha


Katunguru
4 Oktoba 2015

Mwanangu mhandisi,

Marahaba, na hongera. Kwa habari yako nimecheka peke yangu njiani mpaka abiria wakanihama. Bwera sote wazima, yaani mimi na kahawa. Mwambie Mabel wali ulioungua nilikuwa naupenda tangu utotoni.

Unaona nimeandikia wapi. Nilifika Ijumaa. Kumpata hakukuwa kazi, ukiuliza fundi wa mashine za mitumbwi wote wanaonyesha upande mmoja, chini ya daraja. Nilimkuta kwenye benchi yake, mashine imefunguliwa mbele yake, vipande vimepangwa kwenye gunia kwa mpangilio ule ule niliomfundisha. Amenenepa. Mguu ni wa mbao na mpira, ameutengeneza mwenyewe. Alinitambua. Hakusimama, na mimi sikuthubutu kukaa.

Alisema maneno, nikamwonyesha masikio. Akachukua katoni ya sabuni na penseli ya fundi. Nimeichana ile katoni ninayo hapa, nakunukulia.

Akaandika: "Kwa nini hukuja?"

Nikaandika: "Niliogopa."

Akaandika: "Nilikungoja mwaka mzima. Mke wangu akasema labda umekufa. Nikamwambia Yeseri hafi kabla hajamaliza kugomba."

Nikachukua penseli nikaandika lile ambalo sikumuuliza miaka kumi na saba. "Ulirudi ndani kufuata nini?"

Alichukua penseli. Kisha akaandika pole pole, herufi kubwa, kama anamwandikia mtoto: "Spana yako. Ile kubwa. Uliisahau ndani. Nilijua ukiikosa utatukana watu wote mpaka kesho."

Kemigisha, nililia. Mzee wa miaka sitini na nane nikalia katikati ya wauza samaki, na wanawake wakadhani nimefiwa. Nobert alinivuta mkono nikakaa kwenye benchi. Mkewe, Feresita, akaleta samaki, ngege wa kuchemsha, na ugali, na nikataka kuandika tena kwamba nisamehe. Akaninyang'anya penseli. Akanionyesha sahani.

Sitakuambia kwamba amenisamehe. Sijui. Jana alinigombeza kwa maandishi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, akajaza katoni tatu. Lakini hajanifukuza, na usiku ananipa kitanda cha mwanawe aliyeko chuo. Maelezo ya Bi Akidi atayaandika mwenyewe, kurasa mbili amekwisha. Tumepatana tuje wote wawili Kasese tuyalete kwa mikono yetu. Sijaliona lile geti tangu mwaka elfu mbili, na sijui kama nitapita kwa miguu yangu au atanivuta yeye.

Mjomba wako,
Yeseri

Mhandisi Kemigisha,

Mimi ndiye Nobert. Mjomba wako amepitiwa na usingizi kwenye benchi, kwa hiyo naandika hapa bila ruhusa.

Nimesoma barua yako aliyokuja nayo. Umenisimulia mbele ya wakubwa mara mbili na hatujaonana. Mara ya kwanza sikuwepo kabisa. Mara ya pili nilikuwa mguu. Sikulaumu, hukuwa na la zaidi.

Basi kabla hatujaja Kasese, njoo huku Jumapili ijayo, uje na mama yako, nikuambie mwenyewe kazi niliyofanya mle ndani siku zile nne. Bamba zote za upande wa mlango nilizifunga mimi, boliti kwa boliti. Nimesikia zilidumu miaka tisa bila hata moja kulegea. Wakati mnaandika hiyo ripoti mpya, na hilo liandike.

Nobert, fundi